Siku Tuliyoshindilia Uwanja wa Baba Delmar

Baba mkwe wangu, Delmar Tjaden, ameutunza uwanja wa mbio wa maonyesho ya wilaya yetu hapa Iowa kwa miaka thelathini na minane. Ni njia ya udongo yenye umbo la yai. Babu yake aliichonga kwa ajili ya farasi, na baba yake akaisawazisha kwa nyumbu. Magari yalipoanza kushindana humo, Delmar alikuwa bado anatambaa.

Msimu huu Jumamosi tatu za mbio zilikuwa zimeharibika. Kamati ya maonyesho ikasema ikiharibika ya nne, uwanja utalimwa uwe maegesho. Basi Ijumaa, baba alipoona udongo umepasuka kwa ukavu, akaogopa vumbi, akamwaga malori manne ya maji badala ya mawili. Hakutazama mawingu. Kulipokucha mvua ilikuwa imeshanyesha, na tope lilimfika kwenye vifundo vya miguu.

Nilimkuta amesimama kwenye kona ya pili. Nilikuwa nimembeba binti yangu Hattie, naye akamnyooshea mikono babu yake, lakini babu hakumwona. Aliniambia mvua haina kosa, kosa ni lake. Corwin Buss, mwenyekiti wa kamati, alikuwa amepita na kumpa hadi saa sita mchana udongo uwe umekauka.

Kisha akatokea Lyle Oltmann, dereva wa gari namba saba, akiwa na pikapu yake. Akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, siku hizi unafuga nguruwe humu?"

"Nafuga. Nilikuwa nakungoja wewe tu. Ingia."

Lyle akacheka, akaingia.

Kwetu uwanja ukilowa, mwenye magurudumu huja kuuzunguka na kuushindilia mpaka ukauke, na hakuna anayesubiri kualikwa. Zikaja pikapu, matrekta, hata gari la aiskrimu. Nami nikamfunga Hattie kwenye kiti chake, nikaingia na gari letu la kwendea sokoni. Baba akaja dirishani.

"Usifuate alama za aliyetangulia, mwanangu. Kanyaga pembeni yake. Mkifuatana mtanichimbia mtaro."

Tukazunguka polepole kama watu wa mazishi, kila mmoja akikanyaga pale ambapo mwenzake hakukanyaga. Tope likaacha kuruka. Baadaye likashikamana, likaanza kung'aa.

Saa sita Corwin akaja. Aliinama kwenye kona ya pili, akabonyeza udongo kwa kidole gumba, akabonyeza tena kwa nguvu. Kidole hakikuzama. Baba hakumtazama usoni, alikitazama kile kidole.

"Haya, Delmar," Corwin akasema. "Saa nane tunaanza. Na Jumamosi ijayo pia."

Baba akajibu sawa, basi. Akaenda kuketi kwenye benchi la chini la watazamaji.

Magari ishirini yaliponguruma mbele yake, alikuwa amelala, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani. Lyle aliposhinda, watu walitaka kumwamsha aone. Nikawaomba wamwache.