Nelvy Hafungui Njia

Nelvy Orellana alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake: alisoma kila kitu ambacho kompyuta ilimwandikia. Wengine wakiona maandishi ya kijani wanainuka kwenda kununua salteña, zile sambusa za kwao zenye mchuzi ndani. Yeye anabaki kitini, kidole kikitembea juu ya kioo mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza kama mtu anayesali rozari.

"Anatafuta mchumba humo," Limbert, mwenzake wa kazi, alikuwa akimtania. "Dada Nelvy, umempata?"

"Nilimpata, lakini akili zake kama zako. Nikamwacha."

Ofisi yao ilikuwa ghorofani mjini Cochabamba, Bolivia, juu ya duka la matairi. Waliandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na kazi yao kubwa mwaka huo ilikuwa programu ya kliniki za watoto za bondeni. Muuguzi anaandika uzito wa mtoto na ugonjwa wake, programu inamwambia kipimo cha dawa. Pamoja nayo waliandika majaribio, yaani vijiprogramu vya kuihoji ile kubwa: mtoto wa uzito huu, dawa kiasi gani? Ikijibu vibaya, jaribio linaanguka. Kuyaendesha majaribio yote kwa pamoja, kisha kuifunga programu tayari kwa safari, ilikuwa kazi ya chombo kiitwacho Maven. Siku zote Maven ilimaliza kwa kijani, rangi ya kufaulu, na siku zote walifurahi.

Asubuhi moja programu ilikuwa iondoke kwenda kliniki kabla ya saa sita mchana. Nelvy akasoma mistari yote kama kawaida yake. Katikati akakuta kamstari kadogo: hakuna jaribio la kuendesha.

Akarudia kusoma. Akamwita Limbert.

"Hebu soma hapa."

"Imefaulu. Kijani."

"Sijasema huko chini. Hapa."

Limbert akasoma, na mdomo uliokuwa ukitafuna ukasimama. "Mbona majaribio tunayo tele kama mchwa?"

"Tunayo. Na hapa hayajawahi kuuliza swali hata moja."

Chanzo kilikuwa kiburi kizuri. Injinia Gróver Terceros, mwenye kampuni, aliapa tangu siku ya kwanza kwamba kwake hakutaandikwa Kiingereza. "Wagonjwa ni wetu, wauguzi ni wetu, na tutakachoandika kiwe kwa lugha yetu!" alisema huku akipiga meza. Wote walimpenda kwa hilo, Nelvy kuliko wote. Basi kila faili ya jaribio wakaipa jina linaloishia na Prueba, ndilo neno lao la Kihispania la jaribio. Kumbe Maven, isipoambiwa vingine, huokota faili zile tu ambazo majina yake yana Test ya Kiingereza mwanzoni au mwishoni. Za kwao ilizipita kama mtu anayepita mbele ya mlango wa jirani asiyemjua, wala haikulalamika. Na kwa kuwa kila mmoja, akiwa mezani kwake, aliendesha jaribio lake kwa kubofya na likakimbia vizuri, hakuna aliyeshuku.

"Tubadilishe majina," Limbert alisema. "Tuweke hiyo Test yao, yaishe."

"Niwabadilishe wanangu majina kwa sababu bawabu hajui kusoma? Bawabu ndiye afundishwe."

Akafungua faili ya mipangilio ya Maven, akaongeza mstari wa kuiambia kwamba zenye Prueba nazo ni majaribio, iziokote. Akaendesha kwenye kompyuta yake. Safari hii yalikimbia kweli, moja baada ya jingine, na yote yakapita. Limbert akapiga makofi. Kisha Nelvy akaiamuru seva iliyokuwa pembeni nayo iendeshe, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa na ufunguo wa kupeleka programu kliniki.

Nyekundu.

Jaribio moja lilikuwa limeanguka. Mtoto alikuwa wa kilo nane na nusu. Programu ilikuwa imemsoma kilo themanini na tano.

Injinia Gróver, mtu mnene mwenye sauti ya kuita mifugo, alitoka chumbani kwake simu ikiwa mkononi. "Kwa nini haijaondoka? Mama Basilia ananipigia." Basilia alikuwa muuguzi mkuu wa kliniki zile.

Nelvy akamweleza.

"Kwenye kompyuta yako linapita?"

"Kwangu linapita."

"Basi huo ni uchafu wa seva. Ruka majaribio, tuma."

Kuruka majaribio si kazi. Kuna neno moja unaliandika mwisho wa amri, na Maven inafumba macho. Kila aliye katika kazi hiyo analijua, na kila aliyelitumia hutazama nyuma kwanza kama kuna mtu.

"Siruki kitu, Injinia, mpaka nijue."

Akaanza kulinganisha mashine mbili zile, kitu kimoja kimoja. Java ya huku na ya kule, sawa. Faili, sawa. Mwishowe akaziuliza: ninyi mnadhani mko nchi gani? Kompyuta yake ikajibu Bolivia. Seva ikajibu Marekani, kama ilivyotoka kiwandani.

Hapo ikamwingia. Kwao nane na nusu huandikwa nane, mkato, tano. Mmarekani huweka nukta mahali hapo. Mkato kwake ni wa kutenga maelfu tu. Basi seva ilipouona mkato iliufagia, ikaunganisha zilizobaki: themanini na tano.

"Umeona?" Gróver akasema. "Seva tu. Kwa watu haitatokea."

"Seva za kliniki aliziweka nani?"

Limbert aliinua mkono nusu. "Mimi. Ziko kama hii. Upande wa nchi sikugusa."

Chini, fundi wa matairi alikuwa akigonga chuma.

"Muuguzi hana macho?" Gróver alisema. "Ataona kipimo ni kikubwa. Tutarekebisha wiki ijayo. Leo watu wa wizara wapo kule kliniki wanangoja, Nelvy. Mkataba huu ukitupotea, wa kwanza kurudi nyumbani ni wewe."

"Nitarudi. Lakini hii haiendi."

"Unaniamuru mimi?"

"Sikuamuru. Nakwambia haiendi."

Gróver akaelekea kwenye seva aliandike mwenyewe lile neno. Nelvy akawahi. Aliburuta kiti chake hadi pembeni, magurudumu yakilia, akakaa mbele ya meza ile, mgongo kwenye kibodi, uso kwa bosi wake, akakunja mikono.

Alikuwa mtoto wa muuza chicha, pombe ya mahindi, wa mji wa Quillacollo. Utotoni, bei zikipanda au maji yakikatwa, mama yake alimbeba pamoja na mitungi na blanketi wakaenda kuifunga barabara, wakikaa juu ya mawe pamoja na mtaa mzima. Alijifunza hesabu huko, alijifunza kuimba huko, na alijifunza kwamba njia haifunguliwi kwa sababu lori linapiga honi. Alisoma chuo akiwa mtu mzima, akawa mhandisi, akanunua viatu vya ofisini, lakini kukaa kwake kulikuwa ni kule kule.

Na Gróver naye hakuwa mgeni. Ujanani aliwahi kuchoma matairi kwenye daraja pamoja na wanafunzi wenzake, na mpaka leo akilewa anaisimulia. Alijua kwamba mbele ya njia iliyofungwa hupiti kwa mabavu. Unashuka kwenye gari, unauliza wenyewe wanadai nini. Akasimama, mikono kiunoni, anapumua kwa pua.

Zulma, mchoraji wa kurasa za programu, akaingia na mfuko wa salteña za moto. Akatazama kiti, akamtazama Gróver. Akampa Nelvy moja, kama wanavyopelekewa chakula watu wa barabarani.

"Usidondoshe mchuzi kwenye seva, shoga yangu. Watasema ndio ulioharibu."

Limbert naye akabeba kompyuta yake ya mapajani, akakaa chini karibu na miguu ya Nelvy.

"Hata wewe?" Gróver aling'aka.

"Mimi ndiye niliyeziweka zile seva, Injinia. Ulitaka nikae wapi?"

Gróver akajifuta jasho. "Haya. Madai."

"Moja," Nelvy alisema, salteña mkononi. "Programu iambiwe waziwazi namna ya kusoma namba, popote iwekwapo. Jaribio lipite hapa hapa, kwenye seva hii. Hapo nitabonyeza mwenyewe."

"Itachukua muda gani?"

"Mfupi, kama hutatusimamia kichwani."

"Sawa."

"Na lile neno la kuruka lisiandikwe tena humu ndani."

"Ulisema dai moja!"

"Umekawia kukubali. Yameongezeka."

Simu ikaita. Gróver alikuwa na mazoea ya kuweka sauti ya nje hata akiongea na mkewe, na mazoea hayo hayakumwacha siku ile.

"Injinia!" Ilikuwa sauti ya Basilia. "Wauguzi wangu wamekaa mbele ya kompyuta kama wanangoja maiti. Wakubwa wamekunywa chai yote. Programu iko wapi?"

"Mama Basilia, nifanyeje? Wafanyakazi wangu wamenifungia njia."

"Wanadai nini?"

Gróver akatazama dari. Angeweza kusema mshahara. Angeweza kusema umeme. Nelvy alimkazia macho bila kupepesa, mchuzi ukimtiririka kwenye kidole.

"Wanadai..." akakohoa. "Mtoto wa kilo nane na nusu, programu inampimia dawa ya mtu wa kilo themanini na tano. Wanadai irekebishwe kwanza."

Upande wa pili Basilia akatua kikombe mezani kwa kishindo.

"Na wewe ulitaka kuileta hivyo hivyo?"

Gróver akajifuta tena jasho.

"Basi wasifungue," Basilia akasema. "Unanisikia? Wasifungue. Hawa wakubwa wangu nitawapikia chai nyingine." Akakata.

Gróver akaiweka simu mfukoni taratibu. Akavuta kiti, akakisukuma hadi pale pembeni.

"Sogea," akamwambia Nelvy.

"Sisogei."

"Sogea nikae, mwanamke wewe! Nimechoka kusimama."

Nelvy akamtazama mikono kwanza, kisha uso. Akamwonyesha kwa kidevu upande wa Limbert, ambaye alikuwa ameshaanza kuandika.

"Kaa kule," akasema. "Mbali na kibodi."