Upepo wa Jana

Mpaka leo sina hakika kama nilifanya vizuri. Naandika tu ninavyokumbuka.

Kituo chetu kidogo pale Nyasura kilikuwa na kazi moja: kurusha puto la gesi kila asubuhi, kulifuata kwa darubini ya miguu mitatu, na kuandika daftarini upepo wa juu unatoka wapi. Tulikuwaga wawili, mimi niliyeishia darasa la saba na mzee mmoja wa Musoma. Gesi tuliitengeneza kwa kostiki, ile soda kali ya viwandani. Sabuni ilipopotea madukani, kostiki ile tukaipikia sabuni. Si mzee peke yake. Mimi ndiye niliyekoroga. Siku isiyo na gesi tulinakili upepo wa jana.

Miaka ikapita, sabuni zikajaa madukani, serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi. Ndipo akaja dada mtafiti na kompyuta yake. Alisema upepo wa juu sana hapa ikweta hugeuka taratibu, mashariki kisha magharibi, kwa zaidi ya mwaka, na kugeuka huko kunagusa mzunguko wa hewa juu ya ncha ya dunia. Alikuwa anaunda modeli ya mwendo huo wa polepole.

"Angalia, kaka," akanionyesha mchoro alioutoa kwenye madaftari yetu ya zamani. "Kwenu upepo umekaa palepale wiki nzima kabla ya kugeuka. Sijaona kituo kingine hivi."

Alikuwa na furaha. Mimi nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena.

"Unazunguka kama kuku anayetaka kutaga," mzee akaniambia. "Kaa."

"Mzee, ile wiki ni sabuni."

"Najua. Na majina ya kupunguzwa yanatoka mwezi ujao. Si na wewe uliogea?"

"Niliogea."

"Basi sema zako. Mwandiko wangu usiuguse."

Nikamwambia dada. Hakunigombeza, aliuliza tu siku zipi. Nikakata kwa penseli zile za mwandiko wangu. Nyingine zangu sikukumbuka kama puto nililiona au sikuliona. Nazo nikazikata, labda zilikuwa za kweli.

"Na hizi?" akauliza, akionyesha mwandiko wa mzee.

"Hizo muulize mwenyewe, yuko nje."

Akatoka na daftari. Dirishani nilimwona mzee akivaa miwani, akafunua ukurasa mmoja mmoja, kisha akanyoosha mkono kuomba penseli.

Mwezi uliofuata majina yetu yote mawili yalikuwemo kwenye orodha ya kupunguzwa. Siwezi kusema ni kwa sababu hiyo. Walikuwemo na wengine ambao hawakupika sabuni.