Skochi ya Dirisha Moja

Mama mkwe wangu hakuwahi kutupa kitu, na hakuwahi kumpa mtu kitu. Vyote viliishia kabatini mwake. Humo ndimo ulimokaa mkebe wa biskuti wenye skochi moja, ule utepe wa gundi unaopenyeza mwanga. Ulikuwa umegeuka manjano na kukauka kiasi kwamba ukiugonga mezani unalia. Marehemu mume wake ndiye aliyeununua, zamani watu walipokuwa bado wanafunga zawadi.

Niliingia katika nyumba ile ya mtaa wa Jabe nikiwa bibi arusi, na mpaka leo nikikaribia mtaa ule huzunguka njia nyingine. Sitadanganya kwamba mimi na mama mkwe tulipendana. Kwake chumvi yangu ilikuwa nyingi, sauti yangu ilikuwa kubwa, kufua kwangu kulikuwa kwa kuchana nguo. Mume wangu alikuwa na kipaji cha kutokuwepo hata akiwa amekaa sebuleni.

Kisha mabomu ya waasi yakaanza kushuka kutoka milimani. Tulijifunza upesi kwamba bomu lenyewe linaweza kuanguka mbali, lakini kioo cha dirisha kiko nawe chumbani. Jirani yetu mmoja alikatwa uso na dirisha lake mwenyewe, na bomu lilikuwa limeangukia mtaa mwingine kabisa. Tangu hapo kila mwenye vioo alivibandika skochi za kukatizana, ili vikipasuka visirushe vipande. Majirani wengi walikuwa na madirisha ya mbao. Sisi tulikuwa na vioo kwa sababu marehemu alitaka kuonekana, nasi tukabaki tunalipia majivuno yake. Madirisha ya vioo yalikuwa mawili: la mama mkwe, lililotazama uani, na letu, lililotazama barabara. Chini ya letu alilala binti yetu, mtoto wetu wa kwanza, ambaye nilikuwa nimemwachisha ziwa karibuni.

Na mama mkwe alimtaka huyo mtoto. Katika ukoo wao, mtoto wa kwanza akiacha ziwa huhamia kitandani kwa bibi, akalelewa huko. Aliniambia mbele ya wageni, huku akinimiminia chai: "Mutoto wa kwanza haiko wako. Ni wa bibi yake. We utazala wengine."

Nikamjibu mbele ya wageni hao hao: "Apana, Mama. Huyu ni wangu." Tangu siku ile vita ya ndani ikawa kali kuliko ya nje.

Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, na vitu vidogo ndivyo vilivyotangulia kupotea. Skochi haikuonekana sokoni, na katikati ya mji wenye maduka waliwawekea wanaojuana nao. Kwa hiyo nilimeza mate machungu nikaenda kumwomba ule utepe wa mkebeni. Akaucheka. Akauweka kiganjani mwangu kama anayempa mtoto mfupa achezee.

"Hii ilishakufa. Ona, ukivuta inapasuka-pasuka. Utafufua kitu yenye ilishakufa, we?"

La kuvunda halina ubani, ndivyo alivyomaanisha. Lakini skochi ile haikuwa imevunda. Mama yangu mzazi kila masomo yalipoanza alikuwa akiwafunikia watoto wa jirani madaftari kwa karatasi ya kaki, na skochi aliyotumia daima ilikuwa ya mwaka uliopita, iliyojishikilia yenyewe ikawa jiwe. Alinifundisha kuiamsha. Hilo nililijua, na nilikuwa na hamu mbaya ya kumwonyesha yule mwanamke kwamba ninalijua.

Nikateleka maji kidogo kwenye sufuria, nikapindua bakuli ndani yake, juu ya bakuli nikalaza skochi iliyovingirishwa kitambaa, maana mvuke inautaka lakini tone la maji linaiharibu. Nikafunika. Moto uwe mdogo, wa makaa yanayokaribia kulala. Mama mkwe alisimama mlangoni mwa jiko muda wote, akiyahesabu makaa yake.

"Unamaliza makala yangu juu ya skochi? Watu wanakosa makala ya kupikia maharage!"

"Maharage yameshaiva, Mama."

"Yameiva vibaya."

Skochi ilipopata joto mpaka katikati, niliitoa, nikafuta pembeni vumbi lililoziba, nikaizungusha polepole nikipapasa kwa ukucha mpaka nikakipata kichwa chake, ile ncha inapoanzia. Hapo ndipo wengi huharibu. Wakiona utepe unachanika upande wanaendelea kuvuta, na unazidi kuwa mwembamba hadi unakuwa uzi. Kinachotakiwa ni kusimama, kuchukua wembe na kukata moja kwa moja kupita pale mpasuko ulipoishia, ukate hata upande ulio mzima, kisha uanze upya kwa upana wote. Unatupa kidogo ili upate chote. Ukiona inaanza kukaza, unairudisha kwenye mvuke. Unavuta taratibu, bila hasira, na mimi siku ile sijui hasira niliiweka wapi.

Ikaanza kufunguka. Ilitoa sauti ile ndefu ya kukwaruza, nikabandika kipande kwenye mfuniko wa sufuria, kikashika. Nikakivuta, kikagoma kutoka. Mama mkwe akasogea, akakijaribu kwa kidole chake mwenyewe. Kikagoma kwake pia, na mimi nikalewa ushindi ule kama pombe.

"Umeona, Mama? Haikukufa."

"Inatosha madirisha ngapi?"

"Moja," nikasema. Nilijipalia makaa kwa ulimi wangu mwenyewe. "Moja tu, lakini vioo vyake vyote."

Skochi iliyotoka kwenye mvuke lazima ipoe kabla ya kutumika, la sivyo gundi inabaki kwenye vidole. Nikabandika njiti ya kiberiti kwenye kichwa chake kisipotee tena, nikaiacha mezani, nikaenda kumwogesha mtoto. Nilimwogesha bila haraka. Nilimwimbia hata, kwa furaha.

Niliporudi meza ilikuwa tupu. Nikamkuta mama mkwe chumbani kwake, amepanda juu ya kigoda, mwanamke wa umri ule aliyekuwa akilalamika magoti kila asubuhi. Kila kioo kilikuwa na msalaba wa skochi, na kwa skochi iliyobaki alikuwa amerudia mara ya pili. Kile kigurudumu cha karatasi kilichozungushiwa skochi, sasa kitupu, kilikuwa sakafuni. Akateremka, akajifuta mikono kwenye kanga, akamtazama mtoto aliyekuwa begani kwangu, bado ana maji.

"Sasa," akasema, "mutoto atalala wapi?"

Nilimtukana. Sitayaandika niliyosema, ila sikuyajutia wakati ule na siyajutii sasa. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kumtandikia mtoto.

Jioni mume wangu alipata fursa ya kuwa mwanamume. Alilitazama dirisha la mama yake, akalitazama letu, akakuna kichwa. "Mwache alale kwa Mama," akasema. "Vita ikiisha, tutaona." Kesho yake nilijaribu kuibandua ile skochi kwa ukucha, mama mkwe akiwa sokoni. Nilikuwa nimeiamsha vizuri mno. Ilitoka vipande vipande, haifai tena kwa dirisha lolote, nikaacha. Nikapika gundi ya unga wa muhogo nikabandika magazeti kwenye dirisha letu, mvua ikapenya kwenye fremu na yote yakaanguka. Mama mkwe aliyafagia, akayawashia moto.

Mtoto alilia kwa bibi yake siku za mwanzo, akiniita kupitia ukutani. Nilikuwa nikikaa na mgongo wangu umeegemea ukuta huo. Baadaye akaacha kuniita, na hilo nililichukia zaidi.

Bomu lilianguka mchana mmoja, nikiwa uani naanika nguo. Lilianguka jirani kuliko yote yaliyotangulia. Nilitupa nguo nikakimbilia chumbani kwangu, kwa sababu miguu ilikuwa bado inaamini mtoto yuko huko. Dirisha lilikuwa halipo. Lote lilikuwa kitandani, vipande virefu vimechoma godoro pale mtoto alipokuwa akilaza kichwa, na kimoja kilikuwa kimeupita mto na kutokea upande wa pili.

Nikakimbilia chumba cha pili, cha mama mkwe. Vioo vilikuwa vimepasuka kila kimoja, lakini vimeshikana, hakuna kilichoanguka hata kimoja. Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni amemfunika mtoto kwa mwili wake, na alipoinuka mtoto alikuwa mzima, analia tu. Nikapiga magoti, nikanyoosha mikono yote miwili, nikamwita.

Alinitazama. Kisha akageuza uso, akauficha kwenye shingo ya bibi yake, akamshika kwa nguvu zote.

Nilitarajia mama mkwe acheke. Ningejua la kufanya. Badala yake alijaribu kumfungua vidole taratibu, amgeuze kwangu, na mtoto akapiga kelele zaidi.

"Mwache kwanza," akaniambia, kwa upole ambao hakuwahi kunipa kabla. "Akitulia atakuja kwako."

Nikabaki pale sakafuni, mikono imenyooka, mpaka akatulia. Hakuja.