Chandarua Nilichokianika Jumatano

Kwa siku tatu nzima nilikuwa mchumba wa mwanamume ambaye hakuwahi kuzaliwa, na kila hatua ya uchumba wangu niliiandika kwa penseli ya mradi. Hadi leo nikikumbuka nacheka peke yangu, na wanangu wananiangalia wakidhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Tandika. Viwanda vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, na mama yangu, aliyeshona mashuka kiwandani tangu mimi sijaanza shule, alikuwa amepunguzwa kazi. Baba alishafariki zamani. Kwa hiyo nilipopata kibarua cha miezi mitatu kwenye utafiti, nyumba nzima, yaani mimi na mama, tulikishikilia kwa mikono miwili. Tulikuwa wasichana wawili kwenye kibarua hicho, na mwishoni mmoja wetu angeajiriwa moja kwa moja.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Daktari wetu, bwana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa na dawa ya kuchovyea vyandarua ili mbu akitua tu afe. Kwamba dawa inafanya kazi alishajua. Alichotaka kujua ni jinsi habari yake inavyotembea. Mtaa wa kwanza ulitangaziwa kwa gari lenye kipaza sauti. Mtaa wa pili waliambiwa wanawake watano tu, ili wao wawaambie wengine. Mtaa wa tatu haukuambiwa kitu, uwe wa kulinganishia, nao ungepata dawa yake wiki mbili baadaye. Daktari alituambia ipo siku kila mtu atatembea na simu mfukoni na habari zitafika kote mara moja, lakini kwanza tujue sasa hivi zinapita wapi. Tukaficha vicheko viganjani. Simu ya karibu nasi ilikuwa posta, na ilikuwa mbovu.

Mtaa wa tatu ulikuwa wetu. Daktari alisema atakayevujisha siri huko, kazi hana.

Nikafunga mdomo, hata mama sikumwambia. Sasa, Jumamosi nilitakiwa kwenda mtaa wa pili na chandarua safi, niwaonyeshe watu jinsi ya kuchovya, maana dawa haishiki vizuri kwenye uchafu. Basi Jumatano adhuhuri nikakifua changu, nikakitia bluu ya kufulia kikawa cheupe pe, nikakianika kwenye kamba.

Mtu wa kwetu ameshajua nilichofanya. Chandarua cha msichana ambaye hajaolewa hakifuliwi katikati ya wiki, tena kwa bluu, bila sababu. Kinafuliwa hivyo kinapojiandaa kufunika watu wawili.

Jirani yetu, mama muuza vitumbua, alichungulia juu ya ukuta. Akakitazama chandarua, akanitazama mimi, akauliza kulikoni. Nikaona nikisema kweli kazi imekwenda. Nikainamisha kichwa, nikamjibu kwamba ni mambo ya Jumamosi tu.

"Haya mwanangu," akasema taratibu. "Mie sijaona kitu."

Nikajua nimekwisha. Alasiri mwenye duka alinipa pongezi pamoja na sukari niliyonunua. Jua halijazama, mchumba wangu alikuwa mtu wa Tanga. Alhamisi asubuhi alikuwa na pikapu. Mchana ikajulikana kwamba aliwahi kuoa akaacha, lakini waliachana kwa wema. Ijumaa alikuwa anafanya kazi bandarini, hanywi, na anampenda mama mkwe wake kupita kiasi. Kusema kweli, hata mimi nilianza kumpenda.

Hapo ndipo akili ya utafiti iliponipanda. Nilichukua fomu zetu, na kila aliyekuja kunipongeza nikamhoji: umesikia kwa nani, wapi, saa ngapi? Walinijibu kwa huruma, wakidhani furaha imenipanda kichwani. Nikachora mistari kutoka mtu hadi mtu, kutoka bombani hadi kwa kinyozi, kutoka kwa kinyozi hadi msikitini, nikiwa natetemeka kwa raha.

Raha ikakatika nilipoingia ndani Ijumaa ile nikamkuta mama kwenye cherehani, anashona foronya. Mbili zilikuwa tayari, zina maua pembeni. Hakuniuliza jina la mtu.

"Ukiwa tayari utaniambia," alisema, akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu vile tangu apunguzwe kazi.

Nilijisikia mwizi. Nikatoka nje nikaandika: mama, kwa muuza vitumbua, bombani, Alhamisi asubuhi.

Jumamosi mtaa wa pili walikuja watu wachache mno. Wale wanawake watano walikuwa wameambiwa na daktari mwenye karatasi na mhuri, wakaona hilo ni jambo la serikali, wakawa wanasubiri balozi wa nyumba kumi aitishe mkutano. Daktari alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mnyonge. Nikampa makaratasi yangu. Aliyasoma yote.

"Huyu bwana harusi ni nani?"

"Hayupo, daktari."

"Na dawa? Mtaani kwenu wanajua?"

"Hajui hata mmoja."

Alicheka mpaka uzi wa miwani ukakatika. Akaniambia kazi ni yangu, siri ya mtaa wetu sasa haina kazi tena, na michoro ile niimalizie. Nilirudi Tandika nusu natembea, nusu nakimbia.

Foronya zilikuwa zimefika nne. Nikamweleza mama yote, na machozi yakanitoka kabla sijamaliza.

"Kwa hiyo mume hamna," alisema.

"Hamna, mama. Nisamehe."

"Kazi je?"

"Ipo."

Akakata uzi kwa meno, akazikunja foronya. Kisha akauliza zamu yetu ya dawa ni lini. Nilimwambia ni Jumapili ya wiki ya pili, na kwamba gari la kipaza sauti lingepita kutangaza.

"Mwambie daktari gari lake libaki na mafuta yake," alisema.

Jumatano kabla ya zamu yetu, mama yangu, mjane wa miaka yote ile, alifua chandarua chake kwa bluu, akakianika mbele ya nyumba na foronya nne pembeni. Akavuta kigoda, akakaa. Alasiri haijaadhiniwa, muuza vitumbua akafika anahema, anataka jina la mtu. Mama akainamisha kichwa.

"Njoo Jumapili uwanja wa zahanati, shoga, utamwona. Ila uje na chandarua kilichofuliwa. Ndiyo sharti la shughuli."

Jumapili foleni ilizunguka zahanati. Wanawake walivaa nguo za harusi, vigelegele vikipigwa, kila mmoja na chandarua kwapani. Muuza vitumbua alikuwa wa kwanza, shingo ndefu, akiuliza bwana harusi yuko wapi. Mama, glavu mpaka viwikoni, akamnyang'anya chandarua chake na kukizamisha kwenye dawa.

"Huyo hapo kwenye beseni," alisema.

Uwanja ukalipuka kwa kicheko, na hakuna aliyeondoka. Nikapita na fomu zangu, na kila mstari niliochora uliishia mlangoni kwetu. Nikamaliza na mama. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kuandika kazi ya mtu, na kwa miezi yote ile mtu akimuuliza kazi yake alikuwa anajibu kwamba zamani alikuwa kiwandani.

"Andika mtafiti," alisema, akanyoosha mkono kupokea chandarua kingine.

Nikaandika.