Siku Kyela Ilipokataliwa na Mwanawe

Wengine husamehe haraka. Mimi kinyongo nakihifadhi kama mbegu, pakavu na palipofunikwa. Kwa hiyo mwenyekiti wetu aliposema mbele ya kikao kwamba Kyela amewahi kupita tu, sikubishana naye.

Kikao kilikuwa cha mtandaoni, Jumamosi mchana. Sisi ni chama cha wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi, zile za vyombo vya angani na sayari za mbali, na safari hii Tanzania ndiyo ingepokea kongamano la kimataifa la mashabiki. Tulikuwa tunajadili lifanyike wapi. Wengi walitaka Arusha. Mimi niliipigania Kyela: ukumbi wa kanisa upo, mchele upo, na watu wanaoandika juu ya dunia wasizowahi kuziona wangepanda mtumbwi hadi Ikombe, kijiji cha kando ya ziwa, wakaone wanawake wakifinyanga vyungu kwa mikono. Maisha yangu yote nimefunga safari kufuata mambo ya watu. Mara hii nilitaka mambo yanifuate mimi.

"Kule ni mbu, mafuriko na ndizi," mwenyekiti akasema. "Mimi nimewahi kupita tu." Watu wakacheka.

Amezaliwa hapa hapa Kyela, mtaa wa Mbugani, nyuma ya nyumba yetu. Tumesoma dawati moja. Nyumbani hajakanyaga tangu alipomzika baba yake. Hasira ilinipanda hadi masikio yakawaka moto. Nikanyanyuka na simu yangu, kamera ikiwa wazi, nikaenda uani kwa mama yake, nikamkuta anageuza kakao juani. Nikamwambia mwanao huyu hapa, nikamwelekezea kioo.

"Ugonile, mwanangu," mama akasema.

Kwetu salamu ya mama haiachwi hewani, hata uwe mwenyekiti wa nini. Kikao kizima kilikuwa kinamtazama.

"Ndaga, mama," akajibu, kwa lafudhi ya nyumbani ambayo wenzetu hawakuwahi kuisikia kinywani mwake.

"Nasikia mnaleta wageni. Wanafikia wapi?"

Akameza mate. Nilimwona, na nilifurahi, sifichi.

"Hapo Kyela, mama."

"Na wewe unakuja nao?"

"Nakuja, mama."

Kura zilipopigwa, Arusha ikashinda. Iliniuma, na bado inaniuma. Juzi mwenyekiti kanipigia, safari hii kwa sauti ya upole, ananiomba nimweleze mama taratibu kwamba wageni hawaji tena. Nikamwacha aombe mpaka akachoka. Kisha nikamwambia aje amwambie mwenyewe, ana kwa ana, maana mama ameshakipaka chokaa chumba cha kumpokea mwanawe.