Kiti cha Mama cha Jumapili

Mama alinikuta uani, hapa mtaani kwetu Kikuyu, nimeipindua baiskeli magurudumu juu, keria nimeshaing'oa. Nilikuwa najiandaa kwa mashindano ya masafa marefu, yale ya siku kadhaa ambayo kila mtu hujibebea maji, chakula na vifaa vyake, na tairi likitoboka unaziba mwenyewe. Nilikuwa na kichaa cha kupunguza uzito wa mzigo. Hata mpini wa mswaki niliukata.

"Na mimi utaniweka wapi?" akauliza.

Keria ile ndiyo kiti chake cha Jumapili. Hukaa upande, juu ya kimto cha kitenge alichokishona mwenyewe, nami humpeleka kanisani. Nikamwambia apande bajaji, keria nitairudisha baadaye.

"Kwenye bajaji nitamsalimia nani? Na wewe nakujua. Bawaba ya mlango wa choo nayo uliing'oa kwa muda."

Nilinuna, maana nikishapanga jambo sipendi kupanguliwa. Lakini nikairudisha keria, naye akakifunga kimto kwa fundo lake lisilofunguka.

"Kiti changu kirudi kizima," akasema.

Siku ya kuanza, wenzangu walikuwa na vibegi vyembamba vilivyobanwa kwenye fremu. Mimi nilikuwa na madumu ya maji, pampu na tyubu za akiba, vyote vimekaa juu ya kimto.

"Mzee, unahama?" kijana mmoja akanitania. Nikacheka, ingawa iliniuma.

Kupita Msalato, nje ya mji, barabara ya vumbi ikalegeza nati ya keria, nati ikadondoka nisijue wapi. Nilitamani kuitupa keria nzima porini. Badala yake nikaketi chini, nikaikaza kwa vipande vya tyubu kuukuu huku wenzangu wakinipita. Jua lilipokuwa kali nikashusha madumu, nikailaza baiskeli chini ya kichaka, nami nikajilaza kando yake, kichwa juu ya kimto. Kilinukia mafuta ya mama ya kujipaka. Nililala usingizi mtamu, na nilipoamka nilikuwa na furaha isiyo na sababu.

Nilimaliza Jumapili asubuhi, pale pale mjini tulipoanzia, nikiwa miongoni mwa wa mwisho. Mama alikuwa amesimama kwenye mstari wa kumalizia, amevaa nguo za kanisani. Nikangoja aniambie pole. Yeye akapita nyuma yangu, akakibonyeza kimto.

"Teremsha hayo madumu, tunachelewa."

"Mama, miguu imekwisha."

"Basi sukuma. Mimi nitakaa."

Nikasukuma. Akasalimia kila duka, na kila aliyeuliza nimekuwa wa ngapi alijibiwa kwamba kiti kimerudi kizima.