Mlango Kabla ya Nyumba

Juzi, huko Musonoi, nilimwona msichana nyuma ya pikipiki amekumbatia mlango mpya. Harufu ya vanishi ilinirudisha kwenye kambi ya kampuni tulikokulia.

Jirani yetu alikuwa amefiwa na mume, na kampuni ikachukua nyumba yake, kwa kuwa ilikuwa ya mfanyakazi. Nilikiona kitanda chake barabarani, kuku wamepanda juu. Wiki hiyohiyo mama alirudi kutoka sokoni na mlango kichwani, akauegemeza ukutani sebuleni. Sisi tulikuwa na nyumba, tena yenye mlango. Nikaelewa nilivyoelewa.

Baba alipotoka kazini nilimkimbilia nikilia. "Papa, mama anangojea ukufe!"

Mama hakunikemea. "Nimepata kiwanja mu cité, nje ya kambi," alimwambia baba polepole. "Ku jina yangu."

Baba aliusogelea ule mlango, kofia ya kazi bado kichwani. Kisha akaugonga.

"Hodi."

"Karibu, tata," mama aliitikia. "Pangusa kwanza miguu."

Walicheka, nami nikadhani ni mchezo.

Miaka mingi baadaye tulitoka kumzika baba, viatu vimejaa udongo mwekundu. Mama alifungua mlango ule, sasa wa nyumba yake kule cité, akasimama kizingitini, akapangusa miguu.